Binti Yangu, Vyura Wako

Mama Divine,

Huko uliko usinicheke kabla sijamaliza. Nina wivu na wewe. Ndiyo, na wewe marehemu, tuliyekuzika majani yakidondoka, na mimi mwenyewe nikapika pilau ya matanga mpaka Warundi wako wakaulizana ni nani huyu Mkenya anayejua kupika hivi.

Nianze na habari njema. Mumbua wangu sasa ni daktari. Si wa sindano. Ni daktari wa vyura, wa chuo kikuu. Anachota maji ya dimbwi kidogo tu kwenye kichupa, anayapeleka maabara, kisha anakwambia ni wanyama gani wamepita humo. Nani mwingine hapa mtaani kwetu Tensta amezaa mtoto wa namna hiyo? Kule uwanja wa ndege nimewaambia wote ninaofanya nao usafi. Msimamizi wetu akiniona nafungua mdomo tu anasema, "Ndiyo, vyura, nimesikia."

Sasa sikiliza. Barafu ilipoanza kuyeyuka, Mumbua alituita akina mama wa kanisa kwenye ukumbi wa shule. Utafiti wake umeonyesha vyura wa pale msitu wa Järva wanapungua. Wakitoka msituni kwenda kutaga dimbwini wanavuka barabara, na magari hayawaoni. Anataka watu wa mtaa wenyewe tuwaokote jioni, tuwavushe kwa ndoo. Nilivaa kitenge kipya. Nikakaa mbele kabisa, tayari kuinuka atakaponitaja.

Mtoto akasema, "Aliyenifundisha kupenda wanyama..." Nikashika mkoba wangu. Ukutani ikatokea picha yako! Wewe na mabuti yako ya mpira, na ndoo nyekundu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja Mkongo akaniinamia sikioni: "Pole, maman. Lakini kuzala, ni wewe ulimuzala."

Nilimzaa! Wewe ulikuwa wapi siku hiyo? Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto alisema kweli. Mimi zamu za jioni nilikuwa napiga deki, na wewe, jirani wa mlango wa pili, ndiye uliyemshika mkono mkaenda kuvusha vyura kwa ndoo. Alipomleta wa kwanza jikoni kwangu nilipanda juu ya kiti. Ukasema, "Mama Mumbua, shuka, huyu ni mgeni. Msalimie."

Basi nikajiandikisha. Nikawaambia wenzangu wanifuate, mimi ni mama wa daktari, najua kazi. Jioni ya kwanza kulikuwa na mvua nyembamba. Tuliwakuta vyura wamejaa kando ya barabara, kwenye kizuizi cha plastiki walichowekewa wasikanyagwe. Nilivaa glavu mbili mbili na bado nilipiga kelele kwa kila mmoja. Halafu aibu yao! Dume limepanda mgongoni mwa jike, linabebwa safari nzima. "Hata huku Ulaya?" yule Mkongo akauliza, tukacheka mpaka machozi.

Nilipotazama dimbwini nikaona bado kuna vipande vya barafu. Nikawaza, nani anampeleka mgeni kwenye barafu? Tukawarudisha wote msituni, kwenye majani makavu, ndoo baada ya ndoo, huku tukiimba.

Mumbua alipofika akashika kichwa. "Men mamma!" Yaani, "Lakini mama!" Unaijua ile sauti yake ya Kiswidi nikiharibu kitu. Kumbe barafu ile si kitu kwao. Maskini walikuwa wametembea njia yote hiyo kufuata maji, na mimi nimewarudisha walikotoka. Akacheka mpaka akachuchumaa. "Usijali," akasema, "Mama Divine alifanya hivyo hivyo mwaka wake wa kwanza."

Unaona? Hata kukosea ulinitangulia!

Wenzangu wakaenda kupanda basi. Tukabaki wawili, tunawaokota upya, tunawavusha. Tulipofika majini Mumbua akaweka ndoo chini. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye kila nikimsemesha ananijibu Kiswidi: "Mama, alikuwa anawaambia nini akiwaachilia? Tangu mazishi najaribu kukumbuka. Siwezi." Akainamia ndoo.

Mimi nilikumbuka. Kila uliponirudishia mtoto usiku ulikuwa unanawa mikono kwenye sinki langu, unayarudia yale maneno kwa Kirundi ili nicheke. Na nitakwambia kweli, rafiki yangu, nilikaa kimya. Nikasema moyoni, makofi umepewa, sifa umepewa, acha hili moja nibaki nalo mimi.

Lakini mtoto alikuwa analia juu ya ndoo. Daktari wangu huyo, makamasi yanamtoka kama wa chekechea. Ningeweza vipi?

Nikavua glavu. Nikamchukua chura kwa mkono mtupu, baridi, laini, moyo wake unapiga kwenye kidole changu. Nikamweka majini, nikasema, "Genda amahoro, mwana wanje."

Mumbua akarudia. Nenda kwa amani, mwanangu. Akarudia kwa kila chura mpaka ndoo ikabaki tupu. Kisha akalaza kichwa begani kwangu. Begani kwangu, Mama Divine.

Basi pumzika, ndugu yangu. Maneno yako nimempa, na sasa anawafundisha watoto wa shule anaowapeleka dimbwini. Ungewasikia, Wasomali, Waarabu, Waswidi, wote wanawaaga vyura kwa Kirundi. Nami nakuahidi hivi: maadamu magoti yangu yananibeba, mtoto wetu hatasimama kwenye barabara ile peke yake. Tazama, nimeandika "wetu". Usijivune. Wivu sijauacha, nisikudanganye. Huo ndio utakaonitoa ndani kwenye baridi kila mwaka, maana sitakubali mtu aseme ulimpenda kunishinda.

Ni mimi,
Mama Mumbua, mama wa daktari