Muguu Wangu Umekataa, Mama Zaina

Mama Zaina, ndugu yangu,

Umenitupa. Nasema wazi, kasirika huko huko uliko. Wewe mwenye nguvu njo umetangulia, na mimi mwenye kutetemeka nimebaki na mashini yetu ya kushona hapa Kindu. Maandishi yangu yamekuwa madogo kama sisimizi. Daktari anasema ni huo huo ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Vumilia tu, usome.

Watu waliposema natetemeka kwa sababu nimelishwa sumu, ulicheka: "Sumu gani inamuacha muntu anamaliza sahani mbili za sombe?" Wanangu walitaka nikae kwenye kiti kama mukubwa wa heshima. Ukawaambia mukono wangu unatetemeka ukipumzika. Ukishika kitambaa, unatulia. Shida ilikuwa muguu. Nikiuweka kwenye pedali unaganda kama si wangu. Dawa ukaigundua wewe: ulitwanga majani ya muhogo ya sombe pale mulangoni, ukiimba kwa hiyo sauti yako mbaya, na muguu ukafuata mapigo ya muchi. Mikato yako, mishono yangu. Watu walivaa, hakuna aliyeuliza nani anatetemeka.

Unakumbuka wakati wa vita, tulipokimbilia kijijini Tunda? Wenzetu walibeba magodoro. Wewe ulibeba kichwa cha mashini juu ya kichwa chako, umekifunga kitenge kama mutoto. Treni haikuja, uzi haukuja, tukafumua magunia. Ulisema, "Muntu akiwa na kazi, hata askari wanaona ni muntu." Neno hilo nimelishika mpaka leo.

Sasa sikia yaliyonipata. Vitenge vya matanga yako vililetwa, jamaa yote ivae sare siku ya arobaini. Shangazi yake Zaina akasema apewe fundi wa duka la yule muntu wa Goma. "Mama Safi apumzike, maskini." Mimi, maskini! Nikajibu nitashona mimi. Mudomo ulinitangulia. Nikishindwa, soko lote litajua nimekwisha, na hakuna atakayeniletea hata kifungo cha kushikiza.

Na kwenu, kilio kikiingia, kinu kinalazwa chini, hakuna kutwanga mpaka matanga yatolewe. Nikakaa kwenye mashini, hapa kwako. Muguu, kimya. Nikaimba mwenyewe, lakini sauti yangu nayo imekwisha, imebaki munong'ono. Nililia, Mama Zaina. Nikaupiga huo muguu ngumi.

Zaina wako, aliyetoka Lubutu kwa mume wake juu ya kilio, aliniona. Akakisimamisha kinu chako, akatwanga bila jani hata moja ndani, machozi yanamwagika. Shangazi akapiga kelele: "Unatwanga kifo cha nani tena?" Wanawake wakasimama kwenye ua. Zaina akamujibu, "Mama yangu asingemuacha huyu." Akaendelea kutwanga.

Muguu ukaenda! Mishono imepinda, wewe ungeifumua yote. Lakini nguo ya kwanza nilimuvalisha shangazi mwenyewe. Alijitazama mbele na nyuma, akaenda kuketi.

Imebaki nguo moja, ya Zaina. Nikiimaliza, arobaini inapita, anarudi Lubutu. Nani atanitwangia? Wanangu wananingoja na kiti chao. Naogopa, ndugu yangu, naogopa sana. Leo asubuhi nimeishika hiyo nguo, nimeiweka, nimeishika tena. Naweza kuichelewesha, kusema uzi umekwisha. Zaina anajua. Ananiangalia tu, anazunguka na kazi za nyumba.

Hapana. Mutoto wako hatasimama kwenye matanga ya mama yake na nguo ya zamani, mimi nikiwa hai. Nakuahidi, nitaimaliza. Na baada yake nitakaa kwenye mashini hii kila siku, muguu ukikubali, ukikataa, mpaka wanibebe.

Lala, Mama Zaina. Mungu akupokee, awe wa musikiti wenu au wa kanisa letu, ni yule yule.

Namuita Zaina sasa. Nitamuomba atwange pole pole.

Mama Safi wako