Ile Sehemu ya Kutakiana Amani

Karema,
Jumatatu jioni.

Kwa mama yangu mpenzi, Kabula, Magamba.

Mwangaluka, mayu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua baada ya mavuno. Ng'ombe je, wanapata maji kiangazi hiki? Mdogo wangu Lyamba anayekusomea namsalimu, na namwomba asome polepole, asiruke mahali akiona pana aibu, na asiongeze ya kwake. Sisi huku wazima. Mjukuu wako, Kabula mdogo, ameota meno mawili ya juu na kwa sababu hiyo nyumba nzima hailali. Mchana naanika dagaa nimembeba, usiku nambeba nikisinzia. Lakini anakula, anacheka, na ile homa ya mwezi wa tano haijarudi. Namshukuru Mungu, sina la zaidi.

Mayu, nimeona niandike, maana simu ya Lyamba inakatika kila tukifika kwenye maneno yenyewe. Alinipa ujumbe wako kwamba kwenye ubatizo wa mtoto huji. Alisema umesikia kwa watu kuwa kanisani mnaamriwa kushikana mikono, na wewe huwezi kwenda kushikana mkono na mkwe wako hadharani kama walevi wa mnadani. Nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Mtoto ana jina lako. Sitaki abatizwe wewe ukiwa Magamba unauliza wapita njia ilikuwaje. Kwa hiyo naomba usikatae kabla hujasikia. Nitakueleza ibada yote ilivyo, usije ukashtukizwa kama nilivyoshtukizwa mimi.

Heshima yetu naijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Mume wangu Venant alipoleta mahari, ulikaa nyuma ya nyumba, chakula kikapitia mkononi mwa Lyamba, na mpaka leo Venant anasema mama mkwe wake anamjua kwa kikohozi tu. Hajawahi kulalamika. Lakini watu wa huku ziwani hawako hivyo. Huku mkwe na mkwe wanasalimiana kwa mkono, wanataniana, hata benchi moja wanakaa. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilitazama pembeni.

Basi, ibada. Kwanza wanaume wanakaa kulia na wanawake kushoto, hilo likutulize. Mnaanza kwa kusimama na kuimba, kisha watu wanajipiga kifua wakisema wamekosa. Siku ya kwanza nilidhani kuna msiba, nikamuuliza jirani nani amefariki. Baadaye Mwalimu Oswaldi, katekista wetu anayetufundisha sisi tunaojiandaa kubatizwa, alinieleza kwamba pale kila mtu anajisafisha kabla ya kuongea na Mungu, kama mtu anavyofagia uwanja wageni hawajafika.

Kisha mnakaa, yanasomwa masomo. Hapo kazi yako ni kusikiliza. Ikifika Injili mnasimama, kama mnavyosimama akiingia mkubwa. Halafu mahubiri. Mwalimu Oswaldi akihubiri ni mafupi, lakini siku hiyo atakuja padri mwenyewe, na padri, mayu, akianza hana haraka. Baada ya mahubiri ndipo ubatizo. Sisi wazazi na wasimamizi tunasogea mbele na mtoto, anamwagiwa maji kichwani, anapakwa mafuta, anapewa kitambaa cheupe na mshumaa. Wewe utakaa upande wetu karibu na dirisha, utaona kila kitu, na Venant atakuwa amekupa mgongo muda wote.

Yanafuata matoleo, na hapo utapapenda. Watu wanapeleka mbele walichonacho, mahindi, maharage, samaki wa ziwani aina ya migebuka, kuku. Mwezi uliopita kuku wa Pudensiana, jirani yangu, alichomoka akarukia kwaya. Kwaya haikuacha kuimba, ila sauti ya tatu ilipotea kabisa. Mimi nilidhani vile vitu ni malipo ya padri. Kumbe ni kusema asante. Tumepewa, tunarudisha kidogo, halafu padri anashukuru kwa niaba yetu sote juu ya mkate na divai. Mwalimu Oswaldi anasema misa nzima ukiikamua, kinachotoka ni shukrani.

Sasa nafika pale unapopaogopa. Mkishamaliza kusali Baba Yetu, anayeongoza anawaambia watu watakiane amani, na ni kweli wanapeana mikono. Baba mkwe wangu, mzee Felisiani, ni mzee wa kanisa. Yeye hatulii kwenye benchi lake, anazunguka kanisa lote akimpa mkono kila mtu, hadi upande wetu. Jumapili yangu ya kwanza nilimwona anakuja, mkono ameshaunyoosha. Wakati huo nilikuwa na mimba. Nikajiziba mdomo kama mtu anayetaka kutapika, nikatoka. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Mtoto alipozaliwa, yeye ndiye akawa sababu, na akiwa ametulia nilimfinya kidogo alie. Mungu anisamehe na mtoto anisamehe. Nilikuwa nasimama nyuma ya kanisa penye baiskeli mpaka nisikie wimbo wa mwisho. Mwaka ukapita na zaidi, nami najiona mkwe mwenye adabu.

Mwezi uliopita Mwalimu Oswaldi alikuja nyumbani pamoja na Pudensiana. Walikaa kirasmi, wakakataa hata maji ya kunywa. Mwalimu akaniuliza nina ugomvi na nani, maana kila ikifika amani mimi natoka, na watu wanasema nimefunga moyo. Kabla sijajibu, Pudensiana akaanza kujitetea. Akasema kama ni yale maneno kwamba dagaa wangu wana mchanga, ni kweli aliyasema, lakini mbele ya watu wawili tu, tena mmoja hasikii vizuri. Na kama ni ungo, ataurudisha. Mayu, habari ya dagaa sikuwa nayo, na ungo nilijua umeibwa. Mwalimu akamwomba anyamaze kwanza, maana alikuwa bado anavuta pumzi ya kuendelea. Ndipo nikasema ukweli. Nikasema kwetu mkwe haguswi, na mzee namkimbia kwa kuwa namheshimu.

Mzee Felisiani alikuwa uani anashona nyavu, akasikia yote. Akaja akasimama mlangoni, hakuingia. Nilidhani atacheka. Akasema yeye siku zote alijua namchukia. Unakumbuka alivyomkataza Venant kuoa kwa wafugaji, akisema tutahama na ng'ombe wetu tumwachie mwanawe vumbi. Basi aliponiona nakimbia mkono wake, aliamini bado nina kinyongo na maneno yale. Na kwa kuwa baada ya amani ndipo watu wanakwenda kupokea komunyo, na Injili inasema mtu akapatane kwanza na ndugu yake mwenye neno juu yake, yeye akaona hastahili kwenda. Kuniuliza aliogopa, asije akasikia jibu. Kwa hiyo tangu nilipoanza kutoka nje, mzee hajapokea komunyo. Mzee wa kanisa anabaki benchini peke yake, watu wananong'ona ana dhambi gani, nami niko nje penye baiskeli sijui lolote.

Nililia, mayu. Sikulia kwa aibu tu. Sijawahi kuambiwa na mtu mzima kwamba aliumia kwa kukosa amani na mimi. Nilimwomba radhi kwa magoti, naye akaniomba radhi akiwa palepale mlangoni, na Pudensiana akalia kuliko sisi wote.

Ujumbe wako ulifika wiki hiyohiyo. Venant alipousikia alisema basi siku ya ubatizo yeye atakaa nje, wewe uingie, kwa kuwa mtoto anamwona kila siku na bibi yake hamwoni. Nilimshukuru, nikakataa. Mtoto hawezi kubatizwa baba yake amesimama nje kama mlinzi wa baiskeli. Nilimwambia nitakuandikia.

Lakini sasa nikwambie lile ambalo Lyamba halijui, kwa sababu sikutaka ulisikie kwa simu. Jumapili iliyotangulia hii ya jana, kwenye matangazo mwisho wa ibada, mzee Felisiani aliomba nafasi asimame. Alisema anakuja mgeni, mama wa mkamwana wake, ambaye kwao amani haitolewi kwa mkono, na yeye anaomba kigango kizima kijifunze kumtakia mgeni huyo amani kwa namna isiyomvunjia heshima. Alisema atakuwa mtu mzima wa ajabu kumwita mtu kwenye furaha halafu amfukuze katikati. Vijana wakasema basi korona imerudi. Akina mama wakawanyamazisha.

Jana walifanya. Ilipofika amani hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mtu aliweka kiganja kifuani, akamgeukia mwenzake, akainamisha kichwa, akamtakia amani. Nami nilibaki ndani kwa mara ya kwanza. Mzee Felisiani alibaki kwenye benchi lake, akanigeukia ng'ambo ile akainama, nikapiga goti na mtoto mgongoni. Halafu nikaona ile sehemu ambayo sikuwahi kuiona tangu nifike Karema. Watu walipanga foleni, na mzee akasimama, akavua kofia yake aliyosahau kichwani, akaenda nao. Mimi zamu yangu bado mpaka Pasaka. Nilikaa nikamtazama anarudi amefumba mikono, na sikujua hata kama nimelia mpaka Pudensiana aliponipa ncha ya kanga yake.

Basi, mayu, padri anakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Siku siahirishi, na Venant atakuwa ndani pamoja na mwanawe, hilo nalisema kwa heshima na silirudii. Ila watu wote wa kigango hiki wamejifunza kusalimia upya kwa ajili yako, na hata sura yako hawaijui. Ukipanda basi la asubuhi na Lyamba, utalala kwangu Jumamosi. Venant atalala kwa baba yake, tumeshapanga.

Msalimie baba, na wote waliobaki hapo nyumbani. Mzee Felisiani anakusalimu. Venant naye anakusalimu, akiwa mbali ipasavyo.

Mimi mwanao nikupendaye,
Nyanzala, mama Kabula.