Mutego Ukitikisika

Moussa, bwana yangu, kule Barumbu,

Hii barua anakuletea tonton Alexis na baleinière, ile boti yake ya mbao, juu kwenu réseau ya telefone haiko. Huku tuko bien. Mama yako anakusalimia.

Telefone uliyoacha, ni mimi nacheza mule ule muchezo wako wa kushika manyama ya ajabu. Ile joka ya bleu, uliitupia mitego kumi na saba, yote ikaikimbia. Nikazani sasa imechoka. Josée wa jirani, mwenye kuniita dada mukubwa, akanicheka: “Hapana, yaya! Kila mutego unahesabiwa upya. Ile kumi na saba haisaidii, haiharibu.”

Bon, nikaipunguza nguvu bila kuiua, nikailalisha, nikatupa mutego, joka ikaingia ndani. Mutego ukatikisika mara moja, mbili, tatu. Nikafinya bouton na nguvu kama wewe, hata kama Josée anasema ni bure. Ukafunga! Nikalia, Josée akashangaa.

Moussa, niko na mimba ya miezi tatu. Sijaambia mutu. Zile mbili zilizotoka, nimekataa kuzihesabu.

Mutego wetu ungali unatikisika. Najua kufinya hakusaidii kitu. Lakini kuja, tufinye wote wawili.

Bibi yako,
Nuru