Mama wa Tabibu Anatembea kwa Miguu

Jumamosi. Kumekucha na ubaridi, na vumbi la malori ya pamba limefika hadi kwenye nguo nilizoanika. Siku hizi wanunuzi wamejaa Bariadi, kila mmoja na mizani yake. Miguu inaniuma, lakini nina furaha.

Binti yangu Kabula ni tabibu, yuko Mwanza. Sijisifu, ila mtaa huu nani mwingine ana tabibu? Alipoanza kazi alinijengea nyumba ya bati, akavuta bomba mpaka uani, akapatana na mtu wa baiskeli awe ananipeleka sokoni. Jembe nikalitundika. Huku kwetu mama aliyesomesha akionekana na ndoo kichwani, mtoto ndiye anayesemwa: kamtupa mzazi.

Basi nikakaa. Nikanenepa, nikasifiwa na majirani, wanaoniita mayu, yaani mama. "Mayu, unatunzwa wewe!" Nami nacheka.

Mwezi uliopita, nikipanda kilima cha kanisani, kifua kilinibana nikakaa chini njiani.

Niliogopa kufa.

Kabula akanipeleka kupimwa. Mishipa ya moyo haijaziba, ila imeanza kukakamaa.

"Umri unaikakamaza, mayu, na kukaa kunaiharakisha," akasema. "Ukitembea kila siku inazoea kutanuka, damu inapita vizuri. Anza polepole."

"Watu watasema umefilisika."

"Waseme. Au unataka wakusifie matangani?"

Ana mdomo huyo. Kautoa kwangu.

Uzee haurudi nyuma, hilo nalijua. Lakini nataka siku moja nikipata mjukuu nimbebe mgongoni na kupanda naye kile kilima.

Kwa hiyo leo nimekwenda sokoni kwa miguu. Mama Limi, muuza dagaa, kaniona, akapaza sauti mbele ya wateja: "Heee! Mama tabibu! Baiskeli imekufa, au binti kapata mume kakusahau?"

Watu wakaangua kicheko. Uso ulinichoma, kidogo nigeuze nirudi nyumbani.

"Kaniandikia dawa," nikamjibu, "na dawa yenyewe ndiyo njia hii. Wewe umekaa hapo tangu alfajiri, mishipa yako itazoea kutanuka lini?"

Wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi.

Wateja walipopungua, Mama Limi akanivuta kanga. Kwa sauti ndogo akasema hata yeye akiinua gunia kifua kinabana, na hajamwambia mtu. Nikamwambia asianze kutembea kabla hajapimwa.

Jumatatu nampeleka hospitali mwenyewe. Anayetaka kusema, aseme tukipita.