Tarehe za Mwaka wa 1980

Jumatano, Oktoba 1997

Kinyaa tu. Sina neno lingine.

Betri ya kompyuta ya kiwanda cha chai ilikufa kitambo, kwa hivyo kila asubuhi mashine inarudi 1980 na kuuliza tarehe, na kila mtu anabonyeza Enter tu akimbilie chai. Ndiyo maana kumbukumbu za programu ya kupima majani zinadai nusu ya marekebisho yalifanywa 1980. Mwaka huo hapa kulikuwa na ng'ombe tu.

Nimeshinda nikinyoosha tarehe hizo. Kumbe meneja alikuwa na yake.

"Lile rekebisho lililopunguza kilo za wakulima, liweke Machi. Chebet ndiye aliyekuwa zamu."

"Na kama si la Machi?"

"Wewe ni fundi ama hakimu, bwana?"

Chebet, mwenzangu kwenye programu hiyo, huandika upuzi kando ya kila rekebisho, na nimemcheka miaka miwili. Sasa rekebisho hilo baya, lisilo na neno lolote, limekaa kwenye orodha katikati ya mawili yake: "mvua ya mawe imemaliza majani, naenda kuzaa" na "nimerudi, ni msichana." Kitabu cha mvua kinasema mawe yalianguka mwisho wa Mei. Alirudi kutoka kujifungua Sotik mwezi wa Agosti. Katikati hapo, ufunguo wa ofisi ulikuwa na meneja peke yake.

Na wakulima walianza kulalamika Julai.

Nimeandika Julai. Naogopa, sitajidanganya.

Nimeweka pia betri mpya. Wakinifuta kesho, angalau mashine itajua ilikuwa siku gani.