Mukaba wa tantine Marcelline

Bijou, uko pale? Niko inje ya hospitali. Usimuambie mutu.

Jana tulifanya aksida ya gari karibu na kijiji ya Miti, tukienda ku ndoa. Tonton Gracien, mujomba yangu, njo alikuwa anaendesha, bibi yake tantine Marcelline mbele, mimi nyuma. Tantine alivuta mukaba wa kiti afunge. Tonton akamuambia, "Acha, utakunja ile robe nilikununulia uvae ku ndoa." Akaacha. Tonton yeye alikuwa amefunga wake.

Tuligonga lori yenye ilisimama. Tonton hana hata kidonda. Tantine, uso wake uliingia mu kioo. Taya imevunjika, jicho moja munganga anasema imekufa.

Leo asubuhi polisi wa barabara akakuja ku kitanda ya tantine. Akasema shofere njo anajibu juu ya kila mutu mwenye hakufunga mukaba, anaweza kuhukumiwa ku tribinale. Tonton akajibu pale pale, mbele ya bibi yake, "Nilimuomba, akakataa. Ni mutu muzima, anapenda kujionyesha."

Alisema vile, Bijou. Anapenda kujionyesha.

Polisi akaniangalia. "Wewe ulikuwa ndani. Nani alisema asifunge?"

Unajua ninalala kwa nani. Unajua nani ananisomesha.

Nikasema, "Tantine alikataa."

Alikuwa anasikia yote. Hawezi kusema, walimufunga mudomo na waya. Tangu jana alikuwa amenishika mukono. Pale njo aliniachilia.

Sasa tonton ameniletea soda hapa inje. Anasema niko mutoto mwenye akili. Nimeikunywa yote.