Kibali cha Kuoa Mpaka Desemba

Mchumba wangu Mugisha,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: uko kwenu Uganda, Mbarara, unakula matoke ya mama yako, na simu yako ina chaji, maana kila ninachokuandikia unakijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Nimeandika kwa upole, kidole gumba. Nimeandika kwa hasira, kidole gumba. Basi safari hii naandika barua nzima na naiweka wazi, ili hata walimu wenzetu wa hapa Karatu wanaoniuliza kila asubuhi "shemeji anarudi lini?" waisome na waniache nisahihishe madaftari. Wewe uisome mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna jambo la kujibu kwa mdomo.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Umepata kazi Omani, mkataba wa miaka miwili, viza imetoka upesi bila shida, unaondoka Januari. Halafu ukamalizia: "Nisubiri, miaka miwili si mingi." Niliisoma nikiwa nimesimama dukani, nikasahau kabisa nilichokwenda kununua. Yaani Mugisha, mtu niliyekaa naye akihangaika misimu miwili kupata ruhusa ya kushika chaki Karatu, sasa nchi ambayo hata hajaiona imempa miaka miwili kwa mkupuo. Na mimi nisubiri. Nimekuwa nikifanya nini mwaka huu wote, kama si kusubiri?

Unakumbuka ulivyofika shuleni kwetu? Uliajiriwa kufundisha hesabu na Kiingereza, na Kiswahili chako kilikuwa cha askari. Siku ya kwanza uliingia kantini ukasema, "Leta chai!" Mama wa kantini akaweka upawa chini, akaniangalia mimi mwalimu wa Kiswahili kana kwamba ni kosa langu.

"Huyu ni mwalimu au mgambo?" akauliza.

Nikakunong'oneza useme "naomba chai". Ukakataa katakata. "Naomba vipi na pesa ninayo? Kwetu anayeomba hana pesa." Tulibishana mpaka kengele ikalia na chai hukupata. Kesho yake ulikuja ukasema "naomba chai, mama, tafadhali, na mandazi pia naomba, na kiti naomba," kwa sauti ya kunikomoa, na kantini nzima ikacheka. Nadhani nilikupenda pale pale, ingawa nilijifanya nimeudhika.

Kisha yakaanza mambo ya mkataba. Mkuu wetu wa shule anatoa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, Januari mpaka Desemba, kwa kuwa anataka kwanza aone wazazi wangapi wataleta watoto. Maombi ya kibali cha kazi hayapokelewi bila mkataba uliosainiwa. Hicho kikitoka, kinafuata cha ukaazi. Vyote vikikamilika, watu wameshavuna mahindi na mkataba umebakiwa na muhula mmoja. Ukitaka kuongeza muda, unaambiwa ulete mkataba mpya. Ukimwomba mkuu mkataba mpya, anakuambia umletee kibali kipya. Nimefundisha sarufi miaka mingi na sijawahi kukutana na sentensi iliyonishinda kuichanganua kama hiyo.

Ile miezi ya kusubiri ulikaa kwenye benchi nje ya kidato cha tatu, maana darasani hukuruhusiwa kuingia na wewe mwenyewe hukutaka kuvunja sheria ya watu. Wakati wa mapumziko wanafunzi walikuzunguka.

"Sir, tumekuja kupiga stori," wakasema.

"Stori ya nini?"

"Ya aljebra, Sir."

Uliwatazama mmoja mmoja. "Ni kazi au ni stori?"

"Ni stori tu, Sir. Hata kalamu hatuna."

Wakachora kwa vijiti kwenye udongo, nawe ukawa unatikisa kichwa kukataa au kukubali, bila kugusa kijiti. Mimi nilikuwa dirishani naona yote. Nilikasirika kwa niaba yako, lakini wewe ulikuwa unatabasamu.

Na Nainokanoka ya Ngorongoro je? Tulimfuata rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi kule juu, ukavaa shati jepesi la Mbarara kwa sababu ramani ilikuambia tuko karibu na ikweta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Yule mzee jirani wa rafiki yangu alikuhurumia akakupa shuka ujifunike, na wewe kwa shukrani ukamwonyesha kwenye simu picha ya ng'ombe wa kwenu, mwenye zile pembe ndefu. Akaishika simu muda mrefu sana.

"Huyu anaingiaje zizini?" akauliza.

"Anainamisha kichwa, anapita upande," ukamjibu.

"Basi ana akili kuliko wa kwetu. Niletee mmoja."

Ukamwahidi. Njiani kurudi, gari letu likipishana na magari ya watalii kwenye vumbi la kreta, ulipiga hesabu za chanjo na karatasi za kumvusha ng'ombe mpakani, nikakuambia ng'ombe huyo atapata kibali kabla yako. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Siku hizi nikikumbuka utani huo siuoni kama ulikuwa utani.

Tatizo la neno hilo, kibali, lilianzia kwa mama yangu. Kwenye sala ya nyumba kwa nyumba alisimama mbele ya akina mama wenzake, akaomba wamkumbuke mkwe mtarajiwa ili Mungu ampe kibali. Wakaomba kweli kweli, kibali mbele za watu, kibali mbele ya wakwe, macho wamefumba. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye mkeka unaitikia "Amina" kuliko wote, na tulipotoka nje ukaniambia umeguswa sana kwamba wanawake wa Karatu wanaombea hata ofisi za serikali. Sikukueleza. Nilitaka nikueleze siku nyingine, tukiwa tumekaa vizuri, tucheke pamoja.

Halafu ikaja siku ya posa. Baba yangu hayupo, kwa hiyo ulikwenda kwa Baba Mdogo, Rhotia, na mshenga wako alikuwa mwalimu wa jiografia. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, napuliza moto, nasikia nusu nusu. Nilikuambia kabla: siku hiyo mshenga ndiye anasema, wewe unanyamaza, hata ukiulizwa jina lako mwachie yeye. Ulikubali. Salamu zikaenda, chai ikaenda, mvua na mbaazi vikazungumzwa. Kisha Baba Mdogo akauliza, "Na huyu kijana ana kibali cha kuja hapa?"

Mshenga akafungua mdomo. Wewe ukafungua koti.

Ulikuwa umekitembeza kile kibali cha kazi mfukoni tangu kitoke, kimetiwa plastiki, kwa sababu kila mahali ulipofika uliulizwa. Ukakitoa, ukampa mzee kwa mikono miwili kama nilivyokufundisha. Shangazi, aliyekuwa amepeleka sukari, ndiye alinisimulia. Baba Mdogo hasomi Kiingereza. Alikiweka mbali na macho, akatazama picha yako, akatazama tarehe.

"Hii ni Desemba?"

"Ndiyo, Baba."

"Na Desemba ikifika?"

"Naomba kingine."

Akakirudisha taratibu. "Basi mrudi siku mtakapokuwa na kinachofika mbali." Hakuongeza kitu, na mshenga naye, eti aliyesomea kusema, hakuongeza kitu. Mliaga, mkashuka na ule utelezi mwekundu, na jioni mwalimu wa jiografia akanieleza kwamba mzee anataka kibali kirefu. Tukamwamini, maana hakuna aliyekuwa amewahi kukudai kitu kingine.

Desemba ilipofika ulifungasha. Stendi ulinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo ulikuwa hujawahi kulifanya, ukasema utarudi shule zikifunguliwa. Zikafunguliwa. Mkuu akakubali hatimaye kusaini mkataba wako mpya, ukaambiwa usubiri nje ya nchi, ukasubiri. Mitihani ya katikati ya mwaka ikapita. Kidato cha nne, wale waliokuwa wakichora kwa vijiti, wakafanya mtihani wa taifa na mwalimu wa kuazima. Kibali kilikuja kutoka mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, kikiwa kimeandikwa mwisho Desemba hii hii. Mkuu aliniita ofisini kunipa habari njema. Nilimwambia asante, nikaenda chooni nikalia, halafu nikaingia kufundisha ngeli.

Na ndipo ukaja ujumbe wako wa Omani. Jumanne nikapanda bodaboda mpaka Rhotia, peke yangu, bila mshenga, nikamkuta Baba Mdogo anafunga minyororo ya plau.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Umekonda."

Nikamwambia unakwenda Omani miaka miwili, na kile kibali alichokitaka kimetoka kimechelewa, kimebakiza wiki chache.

Akaacha mnyororo. "Hivi wazazi gani hawa? Kila mwaka wanampimia kijana wao muda wa kuoa kama dawa ya kikohozi?"

"Wazazi?"

"Si ndio waliomwandikia? Nilimuuliza kama ana kibali cha wazazi wake, akanipa karatasi ya Kizungu ina picha, imeandikwa mwisho Desemba. Nikajiuliza, hii ni ndoa au ni kukodisha shamba?"

Mugisha, niliketi chini, kwenye tope, na sketi yangu ya kazini. Nilicheka mpaka shangazi akatoka nje. Kicheko kikaisha na nikabaki nalia tu, na shangazi akawa hajui ashike wapi. Nilimkasirikia Baba Mdogo. Nilimkasirikia mwalimu wa jiografia. Nilikukasirikia wewe na koti lako, na ningependa siku moja unieleze mwanaume anayekwenda kuposa anabebaje kibali cha kazi. Nilijikasirikia mimi pia, niliyefundisha maana za maneno kwa watoto wa watu na lile moja nikaliacha kwa ajili ya kucheka baadaye.

Nilipomweleza mzee, hakucheka. Alijifuta mikono.

"Hayo ya kazi ni shauri lake na shule," akasema. "Mimi namtaka mama yake hapa. Akiniambia kwa mdomo wake kwamba anajua mwanawe anaoa kwangu, nitatafuta muhuri wa nini tena?"

Basi sikiliza. Jumamosi ya pili ya Desemba Baba Mdogo atakuwa nyumbani, amesema hatakwenda hata msibani. Uje na mama yako. Pale mpakani Mutukula watakugongea pasipoti kama mgeni yeyote wa jirani, kwa sababu huji kufundisha, huji kushika chaki ya mtu, unakuja kwa wakwe. Hakuna mkuu wa shule wa kusaini. Mchungaji nimeshamwona, na tukianza kesho yake matangazo ya kanisani yatakamilika na ndoa tutafunga kabla hujapanda ndege yako. Mwambie mama achukue sweta, na asihofu lugha, nitamtafsiria mwenyewe na safari hii sitakaa jikoni.

Ukija, nenda Omani na baraka zangu zote. Miaka hiyo miwili nitakusubiri kama mke, na nitasubiri vizuri. Kama mchumba sisubiri tena hata muhula mmoja. Nimechoka, Mugisha. Nimechoka kuulizwa, nimechoka kupanga maisha yangu kwa tarehe za mkataba wa mtu mwingine, na kuna kitu kingine naogopa hata kukiandika, lakini nakiandika. Naogopa kwamba karatasi hizo zilikufaa. Kwamba kila ziliposema usubiri, wewe ulipumua.

Kama si kweli, usinijibu kwa kidole gumba. Nipigie, niisikie sauti yako ikisema mnapanda basi lini. Na kama ni kweli, basi safari njema, ule vizuri, uwafundishe watoto wa Omani kwa moyo kama ulivyowafundisha wa kwetu ukiwa kwenye benchi. Sitakulaumu mbele ya watu zaidi ya hapa. Kila nilichokuwa nakisingizia kimeondoka njiani, sasa tumebaki mimi na wewe tu.

Ni mimi,
Mchumba wako, kuanzia leo mpaka Jumamosi ya pili ya Desemba.